Domo la Bata Halikukosea Njia

Wapenzi wa muziki wa dansi nchini Tanzania huiita saksafoni domo la bata, na mimi nalipenda jina hilo kuliko lile lililotokana na mbunifu wake, kwa sababu linatuelekeza kwenye kipande cha kupulizia, ambako ndiko siri yote iliko. Mbelgiji Adolphe Sax, mzaliwa wa Dinant mwaka 1814, alipata hataza yake, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, jijini Paris mwaka 1846. Ingawa mwili wake ni wa shaba, ala hii huhesabiwa katika kundi la ala za mbao, kwani sauti yake huanzia kwenye ulimi mwembamba wa tete unaotetemeka mdomoni mwa mpulizaji. Zumari ya pwani nayo hulia kwa tete.

Bendi za jeshi la Ufaransa ziliipokea, lakini orkestra kubwa za muziki wa klasiki hazikuipa kiti cha kudumu, na Sax mwenyewe, akiandamwa na kesi za washindani, alifilisika zaidi ya mara moja. Wengi husimulia habari hiyo kwa masikitiko. Mimi naona kwamba kukataliwa huko kuliinusuru saksafoni, kwa kuwa haikufungwa na kazi za watunzi wa zamani, ikabaki huru kujifunza lugha ya kila ilikofika. Huko Marekani, mpiga saksafoni wa jazi Coleman Hawkins alipourekodi wimbo “Body and Soul” mwaka 1939, aliugusa wimbo wenyewe kidogo tu, kisha akaendelea kutunga papo hapo.

Hata hivyo, anayedhani kwamba makao yake ni jazi pekee hajaisikia rumba ya Kongo. (Tabora Jazz na Morogoro Jazz nazo zilibeba jina hilo huku zikipiga dansi.) Mpiga saksafoni Jean Serge Essous alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa OK Jazz, bendi ya rumba ya Kongo, mwaka 1956, na katika miaka ya 1960 Verckys Kiamuangana Mateta aliipulizia bendi hiyo saksafoni yenye ukali na mzaha, ikijibizana na waimbaji kama mtu aliyeketi nao barazani.

Siku hizi bendi nyingi huiachia kazi hiyo kinanda cha umeme, ambacho huiga noti bila kuhitaji kuvuta pumzi. Verckys alilazimika kuivuta, na katika mwanya huo mdogo ndipo gitaa lilipopata nafasi ya kumjibu.