Usiku wa Ukraine: Je, Rubani Atumwe Kufukuza Droni?

Usiku wa kuamkia Juni 29, 2025, Urusi iliirushia Ukraine droni na makombora 537. Luteni kanali Maksym Ustymenko alikuwa angani na ndege ya kivita ya F-16. Jeshi la anga la Ukraine lilieleza kuwa alidungua shabaha saba, na alipokuwa akiishughulikia ya mwisho ndege yake iliharibika ikaanza kuporomoka. Aliielekeza mbali na makazi ya watu. Hakuwahi kujirusha nje ya ndege, akafa.

Tangu siku hiyo swali moja haliniachi: ni sahihi kumpandisha rubani kwenye ndege ya kivita, gizani, akawinde droni?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Shahed moja, droni ya kujilipua ambayo Urusi huirusha, hubeba kilo 40 hivi za vilipuzi, na ikiangukia ghorofa ambamo watu wamelala, bei yake haina maana tena. Wapo wanaoshangaa kombora la mamia ya maelfu ya dola kutumika kuangusha droni ya makumi ya maelfu. Hesabu hiyo ina upungufu, kwa sababu haijaweka kwenye mizani kituo cha umeme kinachotegemewa na mji mzima kwenye baridi ya Januari. Tena Ukraine ni nchi pana. Mizinga na pikapu zenye bunduki za rashasha na kurunzi haziwezi kukaa kila kona, ilhali ndege huziba pengo ndani ya dakika chache.

Ugumu unaanza pale rubani anapoikaribia shabaha yenyewe. Shahed huenda kama kilomita 180 kwa saa, mwendo ambao ndege ya kivita haiwezi kuumudu bila kuanguka. Tuseme rubani amepunguza hadi 450. Bado anaisogelea kwa mita 75 kila sekunde, kwa hiyo umbali wa mita 600 unaisha ndani ya sekunde nane. Ndani ya sekunde hizo aione droni gizani, alenge, afyatue, kisha akwepe. Mzinga wa F-16 wenyewe unamaliza risasi zake zote kwa sekunde tano hivi. Akifyatua akiwa mbali, anakosa. Akisogea mno, kilo 40 zile zinalipuka mbele ya pua yake.

Si jambo la kufikirika. Oktoba 2022, karibu na mji wa Vinnytsia, rubani Vadym Voroshylov alidungua Shahed na mabaki yake yakaigonga MiG-29 aliyokuwa akiirusha. Alijirusha akapona, na picha yake akiwa na damu usoni, kidole gumba juu, ilizunguka dunia nzima. Mei 16, 2025, rubani mwingine alikuwa ameshaangusha shabaha tatu, akaiendea ya nne kwa mzinga, ndege ikapata hitilafu. Naye alipona, lakini F-16 ikapotea. Hata mwaka 1944, marubani wa usiku wa Uingereza waliofukuza mabomu ya V-1 ya Wajerumani, yaliyoruka yenyewe bila rubani, walijua kwamba ukiyalipua kwa karibu, moto unakufuata mwenyewe.

Kwa hiyo mimi naegemea upande wa kumzuia rubani, ingawa si kila mara. Ndege inaweza kujengwa nyingine, na washirika wanaweza kuleta nyingine. Rubani aliyezoea vita vya usiku huchukua miaka kumpata. Makombora ya masafa marefu yanayoruka chini chini, yenye kasi na vichwa vizito, ndiyo yanayomstahili. Shahed ziachiwe mizinga ya ardhini na droni ndogo za kudungulia droni, na fedha zielekezwe huko kwanza.

Najua kuna usiku ambao hizo hazitoshi. Mchana Waukraine wamewahi kutumia hata Yak-52, ndege ya mafunzo ya propela, mtu wa kiti cha nyuma akilenga droni kwa bunduki ya mkononi. Mwendo wake wa polepole unafaa kabisa kazi hiyo, ila haina rada, na giza likiingia inakuwa kipofu. Hapo ndipo ndege ya kivita huitwa, na siwezi kumlaumu kamanda anayeiita wakati droni inaelekea hospitali. Lakini akiwa na rubani mmoja angani na alama mbili kwenye rada, kombora na Shahed, ampeleke kwenye kombora.