Mwamba ngoma na ramani ya Texas

Agosti 2025, mbunge wa jimbo la Texas aitwaye Nicole Collier alilala ndani ya ukumbi wa bunge mjini Austin. Yeye na wenzake wa Democratic walikuwa wamegoma kuhudhuria vikao ili akidi isitimie, na zaidi ya 50 kati yao walikuwa wamekimbilia nje ya jimbo. Waliporudi, spika akaagiza kwamba hakuna atakayetoka ukumbini mpaka atie sahihi karatasi ya kukubali kufuatwa na askari kokote aendako. Wengi walitia sahihi wakaenda zao. Collier alikataa, akabaki humo humo usiku kucha.

Kilichomlaza pale ni ramani. Marekani huhesabu watu kila baada ya miaka 10, na sensa ikiisha kila jimbo huchora upya mipaka ya maeneo bunge yake ya Baraza la Wawakilishi, bunge la nchi nzima lililoko Washington. (Hapa jimbo ni Texas au California, kile Mtanzania anachokiita jimbo la uchaguzi nitakiita eneo bunge, kama Wakenya, tusije tukapotezana.) Kwetu kazi hiyo ni ya tume, IEBC Kenya na INEC Tanzania. Kule, katika majimbo mengi, wachoraji ni wabunge wa jimbo wenyewe, na mwamba ngoma huvutia kwake. Mchezo huu ni wa kale: mwaka 1812 gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, alitia sahihi ramani yenye eneo lililopindapinda kama mjusi, na jina lake limebaki kwenye midomo ya watu hadi leo kwa aibu hiyo, ndani ya neno la Kiingereza "gerrymander".

Kilichowashtua watu mara hii ni wakati. Sensa ilifanyika 2020 na ramani zilikwisha kuchorwa. Rais Donald Trump akataka Texas ichore tena ili Republican waongeze viti vitano kabla ya uchaguzi wa Novemba 3, 2026, na Gavana Greg Abbott akaitisha kikao maalumu. Haraka hiyo ina sababu. Katika uchaguzi wa katikati ya muhula chama cha rais kwa kawaida hula kichapo: Obama alipoteza viti 63 mwaka 2010, na Trump mwenyewe alipoteza takriban 40 mwaka 2018. Safari hii Republican wanaanzia kwenye viti 220 dhidi ya 215 vya Democratic, matokeo ya 2024. Kwa pengo dogo hivyo, hata upepo mwepesi unaweza kukuangusha.

Sasa tuwasikilize Republican, kwa sababu hoja yao si ya kutupa. Wanauliza: mnalalamikia Texas, je, Illinois? Trump alipata zaidi ya asilimia 43 ya kura Illinois mwaka 2024, lakini Republican wana viti 3 tu kati ya 17. Eneo bunge la 13 la jimbo hilo linaanzia East St. Louis, linapita Springfield na Decatur, linakwenda kuishia Champaign, likiwaokota wapiga kura wa Democratic mji kwa mji kama daladala inayookota abiria. Na wale wabunge wa Texas waliotoroka kupinga ramani ya upendeleo, wengi wao walikimbilia wapi? Illinois. Nyani haoni kundule. Massachusetts nako theluthi nzima ya wapiga kura walimchagua Trump na chama chake hakina kiti hata kimoja kati ya 9, ingawa pale kosa si la mchoraji peke yake: Republican wametawanyika jimbo zima kiasi kwamba ni vigumu kuwakatia eneo lao.

Democratic nao wanajibu kwamba dawa ya moto ni moto. Gavana wa California, Gavin Newsom, aliwapelekea wananchi pendekezo la kuiweka kando kwa muda ramani ya tume huru na kutumia nyingine inayolenga kuwanyang'anya Republican viti vitano, sawasawa na vile vya Texas. Novemba 4, 2025 likapita kwa takriban asilimia 64. Arnold Schwarzenegger, gavana wa zamani aliyeipigania tume hiyo, alilipinga. Kwake, huwezi kuokoa demokrasia kwa kuibomoa nyumbani kwako.

Mimi naona Schwarzenegger ana haki kwa kanuni, na Newsom ana haki kwa hesabu. Lakini kuna tofauti ambayo wanaosema "wote ni walewale" wanairuka. California waliulizwa wananchi wenyewe, na mabadiliko yana tarehe ya kuisha: baada ya sensa ya 2030 kazi inarudi kwa tume. Texas hakuna mwananchi aliyeulizwa. Trump alipata asilimia 56 ya kura huko, chama chake kilikuwa na viti 25 kati ya 38, na ramani mpya inataka 30. Kuanza vita na kujibu si dhambi yenye uzito mmoja, hata kama moshi wake unawakohoza watu walewale.

Mahakama zisitegemewe sana. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba upendeleo wa chama katika ramani si kesi ya mahakama za shirikisho. Ubaguzi wa rangi ndio unaoweza kushtakiwa. Kwa hiyo mtetezi wa Texas anasimama kizimbani na kusema bila haya: tuliwabana kwa chama chao, si kwa rangi yao. Novemba 2025 jopo la majaji lilikataa utetezi huo na kuizuia ramani. Desemba Mahakama ya Juu ikairuhusu itumike.

Aliyeshangaza wengi ni Indiana. Republican wana viti 7 kati ya 9 huko, na Ikulu ilivitaka vyote 9. Makamu wa Rais JD Vance alikwenda mwenyewe kuwashawishi, na Trump akatishia kuwaletea wapinzani katika kura za mchujo. Desemba 11 seneti ya jimbo, yenye Republican 40 na Democratic 10, iliukataa mswada kwa kura 31 dhidi ya 19. Piga hesabu: Republican 21 walimkatalia rais wao.

Huenda maseneta wale waliona pia hatari ambayo Texas imejifunga nayo kiunoni. Ili kupata viti vitano vya ziada, lazima uwachukue wafuasi wako kutoka maeneo ya ushindi mnono na kuwagawa kwenye maeneo ya ushindi mwembamba. Texas imeegemea sana wapiga kura wa asili ya Amerika ya Kilatini kusini mwa jimbo, waliohamia kwa Trump 2024. Kaunti ya Starr, mpakani na Meksiko, ilimpa ushindi baada ya zaidi ya miaka 100 ya kuwachagua Democratic kwa urais. Lakini je, walihamia kwa chama au kwa mtu, na kwa sababu ya bei za vyakula au kwa itikadi? Kule New Jersey, kaunti ya Passaic, yenye wakazi wengi wa asili hiyohiyo, ilimchagua Trump 2024. Mwaka mmoja baadaye ikamchagua Mikie Sherrill wa Democratic kuwa gavana. Starr wenyewe watapiga kura Novemba 3, safari hii bila jina la Trump kwenye karatasi.