Asili na uzito wa neno "jock"

Neno "jock", ambalo Wamarekani humwitia mwanamichezo wa shule au chuo, hasa yule anayedhaniwa kuwa na misuli mingi kuliko akili, lilienea katika miaka ya 1960. Wengi wanakubali kwamba ni kifupi cha "jockstrap", yaani vazi la ndani la mikanda linaloshikilia sehemu za siri za mwanamume anapocheza. Ubishi uko hatua moja nyuma: vazi lenyewe lilipataje jina hilo?

Wapo wanaolirudisha kwa "jockey", mpanda farasi wa mashindano, nao wana ushahidi wa kibiashara. C. F. Bennett wa kampuni ya Sharp & Smith ya Chicago alilibuni vazi hilo mwaka 1874 kwa ajili ya waendesha baiskeli wa Boston, walioteswa na barabara za mawe na ambao nao waliitwa "jockey". Wengine hujibu kwamba hakuna haja ya kwenda mbali hivyo, kwa kuwa katika Kiingereza cha mitaani "jock" lilikuwa limekwisha kuutaja uume kabla baiskeli haijabuniwa. Naiona hoja hii ya pili kuwa nzito zaidi, ingawa haiifuti ya kwanza: jina la dukani, lile la "jockey", lilikuwa na staha, lakini mnunuzi aliyelijua neno la mitaani hakuhitaji kufundishwa namna ya kulifupisha.

Swali la kama neno hili ni tusi lina uzito mkubwa zaidi. Wanaolipinga wanasema humhukumu kijana kabla hajafungua daftari, na humtaja Byron White, aliyecheza futiboli ya Kimarekani ya kulipwa kisha akateuliwa jaji wa Mahakama ya Juu mwaka 1962, au Bill Bradley, mcheza kikapu wa Princeton aliyesoma Oxford na baadaye akawa seneta wa New Jersey. Mifano hiyo ni ya kweli, lakini watu wa aina hiyo hukumbukwa kwa sababu ni wachache, hivyo haimsaidii sana mchezaji wa kawaida. Wanaolitetea husema wanamichezo wenyewe hujiita hivyo kwa majivuno, na kwamba tangu sheria ya Title IX ya mwaka 1972 ipanue michezo ya vyuo kwa wanawake, wasichana nao hujiita hivyo, ijapokuwa vazi lenyewe halikushonwa kwa ajili yao.

Binafsi nakubali kwamba asili ya neno haimuumizi tena mtu. Kinachouma ni dhana ya ujinga, na dhana hiyo vyuo vimechangia kuilea. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 kuhusu Chuo Kikuu cha North Carolina ulionyesha kwamba kwa takriban miaka 18 wanafunzi zaidi ya 3,100 walipewa alama katika kozi zisizo na ufundishaji, na karibu nusu yao walikuwa wanamichezo. Jambo hili linawagusa hata wakimbiaji wetu, kwa maana Mkenya Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, na Mtanzania Suleiman Nyambui alikimbia akiwa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, na akatwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Kijana anayeitwa ng'ambo kwa ajili ya miguu yake akirudi bila elimu, wa kwanza kuulizwa awe aliyempangia masomo.