Mzee, Lipua!

"Ndugu mteja, kifurushi chako kimekwisha."

Kimekwenda wapi? Nimekinunua juzi Jumatatu, cha siku saba, kabla hata sijanywa chai. Leo Jumatano. Sijaangalia mpira, sijapiga simu ya video kwa mtu yeyote, hata ile klipu ya mbuzi anayeendesha baiskeli niliyotumiwa na shemeji sijaifungua. Nimecheza gemu la matunda tu. Maembe matatu yakikaa mstari mmoja yanapasuka, basi. Matunda yenyewe hayana hata utomvu.

Tuelewane. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu wawili, na ni mjumbe wa kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa wetu hapa Ukonga. Gemu niliwekewa na mjukuu, ambaye kabla ya shikamoo huuliza, "Babu, simu yako ina gemu?" Nikamwambia weka moja, dogo, la kupitishia foleni. Sasa nipo steji ya 214.

Leo asubuhi nimepanda daladala ya Kariakoo na nikapata siti. Nimeipataje, hayo tuyaache, dirisha lilikuwa wazi. Tumefika Banana, tumeganda. Nikatoa simu. Nilikuwa nimebakiwa na roho moja na hatua nne. Mnajua gemu hizi, unapewa roho tano, ukifa moja unasubiri nusu saa irudi, kama vile uko kwenye foleni ya maji.

Pembeni yangu amekaa mama mmoja na beseni la dagaa mapajani.

"Baba, hilo embe mbona unaliacha?"

Nikajifanya sijasikia. Nikainamisha simu upande wa dirisha.

"Baba. Embe."

"Nimeliona, mama, nalitunza."

"Unalitunzia nini? Litaoza."

Nyuma yetu kijana mwenye spika za masikioni, ambaye naapa alikuwa amelala, akachomoa moja. "Mzee usimsikilize huyo mama. Anza na nanasi, ushuke nalo chini, utapata bomu." Mama akageuka na beseni lake, akamuuliza yeye amewahi kulima embe wapi. Yakazuka mabishano. Mwenye simu ni mimi, lakini nilikuwa kama mgeni kwenye kikao cha mahari, kila mtu anaongea isipokuwa mwenye ng'ombe.

Nikapiga nanasi. Na kweli, bomu likatokea. Sikutaka kumpa kijana sifa, nikanyamaza. Hapo ndipo konda akafika na noti zake katikati ya vidole. Akachungulia, akasahau nauli.

"Mshua, una bomu hapo! Lipua! Lipua, mzee!"

Kwa sauti ileile anayoitia abiria wa Kariakoo.

Sasa mtu aliyekaa mbele atajuaje habari za mananasi? Alichosikia yeye ni bomu, mzee na lipua. Dada mmoja akapiga yowe. Jamaa aliyesimama akatanguliza kichwa dirishani, likabaki tumbo. Suka, ambaye ndio kwanza foleni imeanza kusogea, akakanyaga breki kwa miguu yote. Kidole changu kikateleza kikagusa ndizi isiyohusika, roho ikakatika, na beseni lote la dagaa likahamia kwangu.

Mnadhani nilipewa pole? "Mzee umetuangusha," anasema kijana. Umetuangusha! Mama anaokota dagaa mmoja mmoja kwenye suruali yangu na kila dagaa ananikumbusha, "Nilisema embe."

Konda, ambaye ndiye chanzo, akatoa ushauri: "Tazama tangazo, mshua, unapewa roho ya bure." Bure! Tukatazama tangazo, gari zima, kwa bando langu. Lile la mfalme amefungiwa chumbani maji yanapanda, kuna mkono unatakiwa uvute chuma kimoja, na mkono unavuta kingine makusudi. Mama akasahau dagaa. "Mtoeni huyo mtu jamani, anakufa maji!" Zimebaki sekunde tatu, ndipo ukaingia ule ujumbe. Ndugu mteja.

Nikasikia sauti mlangoni. "Shikamoo, mjumbe." Kijana wa mtaani kwetu. Ijumaa iliyopita nilimkemea kikaoni kwa kupoteza muda na simu.

Zamani hapakuwa na haya. Nokia ya 3310 ilikuwa na nyoka, anakula, anarefuka, anajigonga, unaanza upya. Bila bando, bila mfalme, bila roho za kusubiri, na chaji unasahau lini ulichomeka. Nyoka yule alianza mwaka 1997 kwenye Nokia 6110, kazi ya Wafini. Sasa nisikilizeni. Angry Birds, ndege wenye hasira wa mwaka 2009, ni Wafini. Hay Day, lile shamba analolima mke wangu, Wafini tena, mwaka 2012. Nchi moja! Wana baridi yao, wamejifungia ndani, wanakaa kutafuta namna ya kumchelewesha mtu wa Ukonga. Subway Surfers ya mjukuu angalau imetoka Denmark, kijana anakimbizwa na mlinzi na mbwa kwenye reli, anaokota sarafu njia nzima na nauli halipi. Huyo konda wetu angemmudu.

Na hilo shamba nalo. Ngano yake inaiva kwa dakika mbili. Dakika mbili! Mimi mchicha wangu nyuma ya choo una wiki ya tatu na bado unafikiria. Saa kumi usiku mke wangu anaamka kulisha kuku wa kwenye simu, wa kwetu wa kweli wanapiga kelele mpaka jirani anakohoa.

Suruali nimeiloweka mara mbili, harufu ipo palepale. Paka wa jirani, ambaye miaka yote alikuwa hanitaki, leo kanifuata mpaka kitandani. Luku inalia. Na sasa hivi mama watoto anaita kutoka sebuleni, nimrushie bando kidogo, ng'ombe wake hawajakamuliwa. Nimemjibu bando sina, nina roho moja, na inarudi baada ya dakika kumi na tisa.