Kaka hakuacha dawa

Jumatatu mimi na kaka tulitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi kliniki. Daladala mbili, foleni, tukafika dirishani saa sita mchana. "Sindano imeisha, kanunueni nje." Maduka manne ya dawa tuliyozunguka, hakuna hata moja lililokuwa nayo.

Kaka ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti ambazo wengine hatuzisikii, mwaka wa 11 huu. Sindano yake ya kila mwezi ni flufenazini, dawa iliyo kwenye mafuta, inayokaa kwenye msuli na kujiachia kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Wala si dawa mpya. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Akiipata analala, anafuga kuku wake 30, na zile sauti zinazomtukana anazisikia kwa mbali tu. Akiikosa, hazirudi siku hiyohiyo. Wiki ya kwanza yuko vizuri, ya pili pia, halafu asubuhi moja unamkuta ameziba dirisha kwa magazeti. Hapo mtaa mzima utasema, "Yule kaacha dawa." Hapana jamani! Aliamka alfajiri kuifuata.

Sindano hii ipelekwe zahanati. Muuguzi wa zahanati yetu anachoma sindano za uzazi wa mpango za miezi mitatu, anaandika tarehe ya kurudi kwenye kadi, na asiyerudi anaulizwa nyumbani na mhudumu wa afya wa mtaa. Kaka anahitaji hichohicho: sindano, tarehe, na mtu wa kuuliza mbona hajaja. Nauli ya kwenda hospitali kila mwezi ni chakula cha kuku wake cha wiki nzima.

Sawa, daktari lazima amwone, maana dawa hizi zina madhara. Kuna kipindi mikono ilimtetemeka hadi chai akawa anainywea kwenye bakuli, kwa mikono miwili, mpaka alipoongezewa kidonge. Basi amwone kila baada ya miezi mitatu.

Wanaokuja kumwombea nawashukuru, maana wanakaa naye. Wa kutushauri tumfunge kamba, mlango wetu asiugonge.

Jana jioni alikuwa bandani anaokota mayai.

"Imepatikana?"

"Bado, kaka."

Akanipa mayai mawili, akarudi ndani ya banda.