Kufukia mkaa mchangani sio kuuzima jamani

Mwaka jana mwezi wa nane tulienda bichi Kigamboni, familia nzima, tumevuka na kivuko na jiko letu na ndoo ya nyama iliyolala kwenye viungo tangu usiku, yaani ile siku ambayo mnaipanga wiki mbili kwenye grupu la WhatsApp. Mtoto wa dada yangu, miaka mitano, alikuwa anakimbiza mpira upande ambao hakukuwa na mtu kabisa, mchanga umetulia, umepapaswa vizuri. Mara nikasikia, "Mama mdogo! Mama mdogo mguu!" Nikajua kakanyaga chupa. Nimefika nimepiga goti nimnyanyue, na goti langu likaungua. Chini ya ule mchanga kulikuwa na mkaa.

Kuna watu walichoma mishkaki pale mapema, wakala, wakamwaga mkaa wao, wakaufukia, wakaondoka. Na mi naamini hawakuwa watu wabaya. Yule aliyeshika kifuniko cha sufuria akasukuma mchanga juu ya moto nina hakika alijua anakinga watoto wa wenzake, ndo maana mpaka leo jambo hili linaniuma, kwa sababu ule moto kama angeuacha wazi tungeuona na yule mtoto angezunguka.

Mkaa ukiufukia unakosa hewa ya kuwaka vizuri ila haufi, unaendelea kuiva humo humo ndani, na mchanga unashika joto kama chungu kinavyoshika, masaa yanapita na juu pako sawasawa na bichi nyingine yote. Huoni moshi wala jivu. Mtu mzima na ndala zake anapita hajui kitu, anayeungua ni mtoto aliyevua viatu.

Pale pale watu walijaa, mmoja kaja na dawa ya meno, mama mmoja anasema pakeni yai. Hao wote walikuwa na nia njema, ila usipake chochote, moto dawa yake ya kwanza ni maji ya kawaida ya baridi, sio barafu, na sio kumwagia mara moja, ni dakika ishirini za kumiminia taratibu. Tulikuwa na dumu la maji ya kunywa tukalimaliza lote kwenye ule unyayo, tukafunika na kanga safi, tukakimbia hospitali. Malengelenge yalikuwa mpaka katikati ya vidole. Wiki tatu anabebwa mgongoni kwenda chooni.

Sasa kuzima mkaa wala sio kazi ngumu, tena bahari nzima iko hapo hatua chache! Chota maji na ndoo, mwagia, koroga na kijiti maana wa chini bado mwekundu, mwagia tena, ukiacha kusikia ile "tsss" pitisha mgongo wa mkono kwa juu, ukihisi joto lolote rudia. Halafu uzoe uondoke nao. Na huo mkaa sio uchafu, ukifika nyumbani uanike juani siku mbili unawaka tena, na kwa bei ya mkaa ya Dar sasa hivi sielewi kwa nini mtu anauacha.

Ila nimekaa nikafikiria nikaona mkaa ni mfano mmoja tu, sisi hii ya kufukia ni tabia yetu kwenye sehemu za wazi. Pampasi inafukiwa. Chupa imevunjika, vipande vinasukumiwa mchanga. Chupa za maji za plastiki zinafukiwa wakati zingeachwa juu wale vijana waokota makopo wangezipitia jioni wakauze kwa kilo. Na bahari haitunzi siri, bamvua linakuja mara mbili kila mwezi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapanda mpaka juu yanafukua kila kitu, ukienda kesho yake asubuhi unakuta pampasi zimejipanga kwenye mstari wa mwani.

Wanaopenda kwenda kutembea milima ya Pugu nao ni vilevile. Kule mto Msimbazi ndo unaanzia, unashuka unapita mjini kote, Jangwani, unaingia baharini pale daraja la Salenda. Kwa hiyo kopo ulilolisokomeza kwenye majani huko msituni linasubiri mvua tu. Na moto kule ndo usiguse kabisa, miezi ya kiangazi majani makavu yamelala juu ya mizizi, ukifukia kaa humo linatafuna chini kwa chini na wewe ushapanda daladala zamani.

Najua mtu atasema manispaa haijaweka mapipa, na yaliyopo yamejaa tangu Jumamosi. Ni kweli na wanapaswa kuambiwa kila siku. Lakini begi lililobeba soda sita zikiwa zimejaa haliwezi kushindwa kubeba chupa sita tupu.

Wengine nimewasikia wanasema bora kuchoma nyama bichi kupigwe marufuku kabisa. Hapana, hapo siko nao. Kuna familia zinaishi chumba kimoja Manzese, Mbagala, Tandale, hawana uwanja wala baraza, ile bichi ndo bustani yao, ndo sehemu pekee ambayo baba anakaa na watoto wake bila kulipa kiingilio, ukiweka marufuku unawafukuza hao na wenye hela watahamia hotelini waendelee kuchoma. Visiwani Mbudya na Bongoyo ni kitu kingine, vile ni hifadhi za bahari tangu 1975 na zina taratibu zake, uzifuate. Ila ufukwe wa wazi tuachiwe, tuzime tu moto wetu.

Jumapili iliyopita nilikuwa Kunduchi nikaona vijana watano wanakunja vitu vyao na mmoja anasukuma mchanga na mguu. Niliona aibu kidogo ila nikawafuata. "Samahanini wadogo zangu, mmezima?" Akaniambia, "Tushafukia dada, usijali." Nikawaambia habari ya mtoto wetu, nikawaonyesha na goti langu. Hakuna aliyebisha. Wakafukua, mkaa bado unang'aa mwekundu kabisa, mmoja akakimbia baharini na ndoo. Ilibidi aende mara tatu ndo ukanyamaza.