Neno la Faraja Msibani: Linapoponya na Linapoumiza

Katika misiba ya Wakristo wa Tanzania bara kuna maneno ambayo hayakosekani, iwe ibada inaongozwa na padri, mchungaji au mwinjilisti wa mtaa: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe." Yametoka Ayubu 1:21, nayo yamezoeleka kiasi kwamba waombolezaji huyamalizia wenyewe kabla msomaji hajafika mwisho. Pembeni yake zimekaa semi ambazo hazimo katika Maandiko lakini zimepewa hadhi inayokaribiana nayo: kazi ya Mungu haina makosa, sisi tulimpenda ila Mungu amempenda zaidi. Kinachosahaulika ni kwamba kitabu cha Ayubu kina sura 42, na maneno yale yako katika sura ya kwanza. Kufikia sura ya tatu, Ayubu huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa, na sehemu kubwa ya sura zinazofuata imejaa malalamiko na madai anayoyapeleka mbele ya Mungu mwenyewe.

Je, imani ya Kikristo humfariji mtu aliyefikwa na shida, au humnyamazisha tu? Waamini wengi hujibu swali hili upesi, na wakosoaji nao hujibu upesi vilevile. Karl Marx, aliyeandika mwaka 1844 kwamba dini ni afyuni ya watu, ndiye anayenukuliwa zaidi kwa upande wa pili, ingawa wanaomnukuu huacha sentensi aliyoitanguliza, inayosema kwamba dini ni kilio cha kiumbe aliyekandamizwa. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina hoja, kwa sababu ndani ya faraja ya dini mna mambo mawili yanayokwenda pamoja na ambayo mara chache hutenganishwa: kukaa na mfiwa, na kumweleza mfiwa kwa nini yamempata. La kwanza limefanya mema makubwa. La pili lina historia yenye utata.

Tuanze na la kwanza. Mtu akifiwa leo katika kijiji cha Moshi Vijijini au katika mtaa wa Mbagala, ndani ya saa chache turubai limesimama, viti vimeletwa, kina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) au wa umoja wa wanawake wa usharika wameshika jikoni, na daftari la rambirambi limefunguliwa. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa msingi wa uchungaji katika miaka ya 1970, hukutana kila wiki nyumba kwa nyumba, na kwa hiyo huijua nyumba ya mfiwa hata kabla ya msiba. Hakuna idara ya serikali inayofanya kazi hiyo, na mshauri wa kisaikolojia ni mtu ambaye mwanakijiji wa kawaida huenda asimwone maisha yake yote. Ibada nazo humpa mfiwa utaratibu wakati akili yake haiwezi kupanga chochote: kuna siku ya sala za jioni, siku ya kuzika, siku ya kuanua tanga, na kwa Wakatoliki misa za kumwombea marehemu. Mkosoaji anayesema faraja hiyo ni njozi hajazingatia kwamba sehemu kubwa yake ni maji yaliyotekwa, uji uliopikwa na watu waliolala sakafuni kwa siku kadhaa ili mfiwa asibaki peke yake.

Tumaini la ufufuo nalo lina nguvu isiyopaswa kubezwa, hasa likifundishwa lilivyo. Paulo, akiwaandikia Wathesalonike, hakuwaambia wasihuzunike. Aliwaambia wasihuzunike kama watu wasio na matumaini, na kati ya kauli hizo mbili kuna umbali mkubwa ambao wahubiri wengi wanauvuka bila kuutazama. Injili ya Yohana inasema Yesu alilia machozi kwenye kaburi la Lazaro, ilhali kwa simulizi hiyohiyo alikuwa anajua atakachokifanya dakika chache baadaye. Hata hivyo bado kuna misiba ambako kijana wa kiume anayelia hukemewa kwamba imani yake ni ndogo.

Upande wa pili wa jambo hili unaonekana vizuri katika historia ya wimbo ambao Waprotestanti wetu wanauimba makaburini kila wiki, yaani "Ni salama rohoni mwangu". Mwandishi wake, Horatio Spafford, alikuwa wakili wa Chicago, mji ambao moto wa mwaka 1871 uliuteketeza pamoja na sehemu ya mali zake. Mnamo Novemba 1873 mkewe, Anna, alikuwa anasafiri na binti zao wanne kwenda Ulaya kwa meli ya Ville du Havre, ambayo iligongana na meli nyingine katikati ya Atlantiki. Watoto wote wanne walikufa. Anna aliokolewa, na kutoka Cardiff alimpelekea mumewe simu ya maandishi kwamba ameokoka peke yake. Mimbarini kisa huishia hapa, baba akiandika mashairi yake ya kuikubali huzuni. Mwaka 1880, hata hivyo, familia hiyo ilipoteza mtoto mwingine, wa kiume, na safari hii wakawepo ndani ya kanisa lao watu walioona kwamba misiba ya namna hiyo, ikifuatana hivyo, lazima iwe adhabu ya Mungu. Akina Spafford walitengana na kanisa hilo. Mwaka 1881 walihamia Yerusalemu na kundi dogo la wenzao, wakaanzisha jumuiya ambayo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilipika chakula na kuwauguza watu bila kujali dini zao. (Jumuiya hiyo nayo ilikuwa na ukali wake, ikiwa ni pamoja na kukataza ndoa kwa miaka mingi, hakuna wa kufanywa malaika hapa.) Imani iliyompa baba huyo maneno ya kuimba ndiyo iliyowapa majirani zake maneno ya kumhukumu.

Tofauti hiyo imechunguzwa pia kitaalamu. Mwaka 2001 mwanasaikolojia wa Marekani Kenneth Pargament na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka miwili wagonjwa 596 wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Wale walioona kwamba Mungu amewaacha, waliotilia shaka upendo wake kwao, au walioamini kwamba ugonjwa wao umeletwa na shetani walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa katika kipindi hicho, hata baada ya hali ya afya yao kuzingatiwa. Mtu anaweza kuyasoma matokeo haya kama onyo dhidi ya kulalamika, na msomaji wa namna hiyo ana haki ya kuuliza kama Ayubu ni mfano mzuri. Lakini watafiti haohao baadaye waligundua kwamba walioathirika zaidi ni wale waliokuwa katika mapambano hayo mwanzoni na ambao bado walikuwa nayo miaka miwili baadaye. Kutokana na hilo ninahitimisha, na hitimisho hili ni langu, kwamba shaka iliyopewa nafasi ya kusemwa ina njia ya kupita, na iliyofunikwa kwa "kazi ya Mungu haina makosa" hubaki mahali ilipo.

Hata hivyo siwezi kuutupa msemo huo moja kwa moja, kwa sababu katika jamii zetu una kazi ambayo mtazamaji wa mbali haioni. Pale mtoto anapokufa ghafla, swali la kwanza la ukoo mara nyingi huwa ni nani amefanya hivi. Usukumani, wanawake vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Katika mazingira kama hayo, mzee wa kanisa anayesimama na kutamka kwamba hii ni kazi ya Mungu anaufunga mlango wa kwenda kwa mganga, na huenda anamwokoa bibi mmoja wa jirani. Kwa kulinganisha, baadhi ya huduma mpya za maombezi zimeufungua mlango huo upya kwa jina la Yesu: mfiwa anaambiwa kuna laana ya ukoo au adui ndani ya familia, anatoka ibadani akiwa na hofu zaidi ya aliyoingia nayo, na wakati mwingine na bili ya mafuta ya upako. Nikilazimishwa kuchagua kati ya maelezo hayo mawili, nitamchagua mzee wa kanisa bila kusita.

Tatizo ni kwamba mlango uleule unaofungwa kwa mganga hufungwa pia kwa mkaguzi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Viktoria kikiwa kinakaribia Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Kumwambia mjane wa ajali hiyo kwamba Bwana ametwaa ni kumpa sentensi ambayo kiimani anaweza kuikubali, na papo hapo ni kumwondolea haki ya kuuliza ni nani aliyeruhusu watu wapakiwe kwa wingi ule. Ndivyo ilivyo pia kwa mama anayekufa akijifungua kwa kukosa damu au gari la wagonjwa. Mkosoaji anayedai kwamba faraja ya namna hii huwatuliza watu waliopaswa kuhoji ana hoja nzito, na sijaona bado jibu la kanisa linaloimaliza.

Kwa kutazama Biblia yenyewe, jibu huenda lisingekuwa gumu sana kulipata. Zaburi ya 88 huanza kwa kilio na kuishia gizani, bila neno la shukrani mwishoni, na bado imo katika kitabu cha sala. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Lawama ya Mungu katika sura ya 42 inawapata kwa yale waliyoyasema baada ya kufungua midomo yao kuyaeleza maumivu hayo. Ugumu uko kwetu, kwa kuwa anayepika uji na anayetoa maelezo mara nyingi ni mtu mmoja, na mfiwa hawezi kumpokea kwa mkono mmoja na kumkataa kwa mwingine. Aliyelala matanga siku nne amejipatia haki ya kusikilizwa, hata anapokosea.

Kwa hiyo mahali pa kuipima faraja hii naona ni baada ya turubai kuondolewa, siku ambayo kikao cha ukoo kinaketi kuzungumzia mirathi na mjane anaelezwa kwamba shamba ni la upande wa mume. Waraka wa Yakobo unamsema anayemwambia ndugu asiye na nguo aende kwa amani akaote moto, bila kumpa kitu cha kuvaa. Katika kikao hicho mara nyingi yumo mzee wa kanisa, kwa sababu yeye pia ni mtu wa ukoo. Asubuhi alimsomea mjane Zaburi ya 23. Mchana ana kura juu ya shamba lake, na usharika wake una kila sababu ya kutaka kujua aliitumiaje.